Pikipiki Ndogo Ilikotoka, na Kwa Nini Inadai Matunzo ya Aina Yake

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na hifadhi ya mahindi, tuzungumzie chombo kinachobeba mazao hayo yote: pikipiki ndogo. Vijijini kwetu mbegu inafika shambani kwa pikipiki, maziwa yanatoka zizini kwenda kituo cha kukusanyia kwa pikipiki, mama mjamzito anawahishwa zahanati kwa pikipiki, na sisi maafisa ugani tunakufikia kwa pikipiki. Ikilala, kazi inalala.

Sitaanza na orodha ya fanya hiki, usifanye kile. Orodha hizo umeshazipata kwa fundi, kwa jirani na kwa muuzaji, na mara nyingi zinapingana. Mmoja anakwambia uchanganye oili kwenye petroli ili injini idumu. Mwingine anakwambia ukifanya hivyo unaiharibu. Wote wawili wanaweza kuwa wa kweli, kwa sababu kila mmoja anaisemea mashine ya zama tofauti. Ukiijua historia ya mashine hizi utaweza kujua ushauri upi ni wa pikipiki yako na upi ni wa pikipiki ya babu. Fuatana nami taratibu.

1. Baiskeli iliyopewa injini

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifanikiwa kutengeneza injini ya mipigo minne: pistoni inashuka ikivuta hewa na mafuta, inapanda ikibana, inasukumwa chini na mlipuko, kisha inapanda tena ikitoa moshi. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, huko Cannstatt nchini Ujerumani, walifunga injini ya namna hiyo kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili. Huyo ndiye babu wa pikipiki zote.

Ila pikipiki ya mtu wa kawaida ilichelewa. Ilikuja kwa kishindo baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945. Ulaya na Japani zilikuwa magofu, petroli ilikuwa haba, magari yalikuwa ya wachache, na watu walihitaji kufika kazini. Walichokuwa nacho ni baiskeli. Basi mafundi wakaitazama baiskeli na kujiuliza: tukiifunga kijiinjini kidogo, je?

Italia walitoa Cucciolo, injini ya mipigo minne ya cc 48 tu, iliyofungwa chini ya pedali. Jina hilo maana yake ni kitoto cha mbwa, kwa sababu mlio wa eksozi yake ulifanana na mbweko wa mbwa mdogo. Usiwacheke Waitaliano, nasi tumefanya vilevile: neno letu "pikipiki" ni mlio wa injini ulioingia mdomoni ukawa jina.

Ufaransa, mwaka 1946, kampuni ya Solex iliyokuwa ikijulikana kwa kutengeneza kabureta ilianza kuuza VéloSoleX. Injini yake ilikaa juu ya gurudumu la mbele na kulizungusha kwa kinu kidogo kilichosugua tairi. Ukitaka kutembea kwa pedali, uliinyanyua injini kwa mkono isiguse tairi. Mvua ikinyesha kinu kiliteleza. Ilikuwa mashine dhaifu, lakini ilitengenezwa hadi mwaka 1988 kwa sababu ilikuwa rahisi kununua, rahisi kuwasha na rahisi kutengeneza.

Shika neno hilo "rahisi". Pikipiki ndogo tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kipato kidogo, atakayeiangalia mwenyewe. Hakuna aliyeitengeneza akidhani mwenye nayo ataipeleka gereji kila wiki.

2. Kwa nini babu alichanganya oili kwenye petroli

Mwaka 1891 Mwingereza Joseph Day, katika mji wa Bath, alipata hati miliki ya injini nyepesi ya mipigo miwili. Ndani ya injini hii, chumba cha chini kinachokaa kombeo ndicho kinachofanya kazi ya pampu. Pistoni ikipanda, mchanganyiko wa hewa na petroli unavutwa ndani ya chumba hicho. Ikishuka, mchanganyiko unasukumwa kwenda juu kwenye silinda. Haihitaji valvu wala mtambo wa kuzifungua. Vipande vinavyotembea ndani ni vichache mno, na kila mzunguko mmoja unatoa mlipuko. Ndiyo maana pikipiki ndogo nyingi za Ulaya zilitumia injini hii: ni nyepesi, ni ya bei nafuu, na ina nguvu kuliko umbo lake.

Sasa angalia tatizo lake. Kama chumba cha chini ndicho njia ya petroli, huwezi kuweka oili pale ikatulia kama inavyotulia kwenye injini ya mipigo minne. Basi beringi, pistoni na silinda zitapata oili wapi? Jibu lilikuwa kuipitisha oili pamoja na petroli. Oili inaingia, inapaka kila mahali, kisha inaungua na kutoka kwenye eksozi kama ule moshi wa buluu unaoujua.

Hapo ndipo ulipotoka ushauri wa babu. Kwa mashine yake, petroli tupu maana yake ni injini isiyo na oili kabisa. Ikikimbizwa hivyo pistoni inavimba kwa joto, inakwangua silinda na kuganda.

Utasema, "Afisa, pikipiki yangu siyo ya aina hiyo." Huenda ni kweli. Lakini angalia stoo yako. Mashine ya mgongoni ya injini ya kupulizia dawa, mashine ya kukatia majani na msumeno wa kukatia miti, nyingi ni za mipigo miwili hadi leo. Kijana anatoka kuweka petroli tupu kwenye pikipiki, galoni ileile anaimimina kwenye mashine ya kupulizia dawa, na kabla ekari haijaisha mashine imekufa. Kwa hiyo:

- Soma kibandiko cha mashine. Kikisema 25:1, lita 1 ya petroli inataka mililita 40 za oili. Lita 5 zinataka mililita 200. Kikisema 50:1, lita 1 inataka mililita 20. Lita 5 zinataka mililita 100.
- Tumia oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za mipigo miwili. Ile ya injini ya mipigo minne haikutengenezwa iungue, na huacha masizi kwenye plagi na eksozi.
- Changanya kwenye galoni safi, tikisa vizuri, halafu mimina. Usimimine oili moja kwa moja kwenye tanki.
- Andika juu ya galoni kwa rangi: "YENYE OILI". Maneno hayo mawili yatakuokolea mashine.

3. Jina "moped", na kazi ya pedali

Mwaka 1952 mwandishi wa habari wa Sweden, Harald Nielsen, aliunganisha maneno mawili ya kwao, motor na pedaler, akapata "moped". Mwaka huohuo sheria ya Sweden ilikitambua chombo hiki kama kundi lake, tofauti na pikipiki kubwa. Nchi nyingine zikafuata, na kwa kawaida mpaka uliwekwa kwenye cc 50. Mwaka 1953 Ujerumani ikatoa NSU Quickly, na zaidi ya milioni moja zikatengenezwa. Ufaransa tayari ilikuwa na Mobylette ya Motobécane tangu mwaka 1949. Hiyo Mobylette ndiyo iliyovuka bahari ikawa chombo cha kila siku cha Afrika Magharibi, hasa Burkina Faso na Mali, ambako kizazi kizima cha walimu, wauguzi na wachuuzi kilitembea juu yake.

Pedali zilikuwa za nini? Kwanza, za kuwashia injini. Pili, za kuisaidia kupanda mlima. Dereva wa moped alijua kwamba injini ya cc 49 haiwezi kila kitu, na ikianza kulemewa yeye alitakiwa kukanyaga.

Pikipiki yako ya cc 125 au 150 haina pedali, lakini msaada bado inauhitaji, na msaada wake ni gia. Ukiwa na gunia mbili nyuma na mlima mbele, shusha gia mapema kabla injini haijaanza kutetemeka. Injini inayolazimishwa kupanda kwa gia kubwa inapata joto kali bila kuzunguka vya kutosha kupooza na kusukuma oili. Na kama gia ya kwanza pia inalemewa, shusha mzigo, fanya safari mbili. Huko ndiko kupiga pedali kwa siku hizi.

4. Japani: kutoka jenereta ya redio hadi pikipiki milioni 100

Mwaka 1946, mjini Hamamatsu, Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizokuwa za kuendesha jenereta za redio. Akazifunga kwenye baiskeli akauza. Zilipokwisha akatengeneza zake, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya Honda. Mwaka 1949 aliungana na Takeo Fujisawa, mtu wa biashara. Mwaka 1956 wawili hao walikwenda Ulaya, wakaangalia moped na skuta za huko, wakaona haziifai Japani ya wakati ule, ambayo barabara zake nyingi zilikuwa za vumbi na makorongo.

Mwezi Agosti 1958 wakatoa Super Cub. Ilikuwa na injini ya cc 49 ya mipigo minne, magurudumu makubwa ya inchi 17 yanayovuka shimo bila kuzama, ngao ya plastiki ya kuzuia tope miguuni, na klachi inayojishika yenyewe kadiri injini inavyozunguka. Fujisawa alitaka mtu anayepeleka chakula kwa wateja aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sinia. Ndiyo maana haina mkono wa klachi. Hadi mwaka 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilifika milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia idadi hiyo.

Mabadiliko makubwa kwako yapo hapa. Kwenye injini ya mipigo minne oili haiungui pamoja na petroli. Inakaa chini, inapanda kupaka, inashuka, inapanda tena. Na kwenye pikipiki nyingi ndogo oili hiyohiyo ndiyo inayohudumia gia na klachi. Maana yake ni mbili:

- Oili haiishi haraka, lakini inachafuka. Babu alikuwa anaweka oili mpya kila anapojaza tanki, hata kama hakujua. Wewe unazungusha oili ileile wiki baada ya wiki, ikiwa na masizi na unga wa chuma. Usipoimwaga wewe, hakuna atakayeimwaga.
- Oili ya gari siyo chaguo zuri. Baadhi zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Ikiloa viungo hivyo inateleza: injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Tafuta oili ya pikipiki yenye maandishi JASO MA kwenye kopo.

Na sasa jibu la ule ubishi: petroli ya pikipiki ya mipigo minne haichanganywi na oili. Ukichanganya, unachafua plagi na chumba cha moto bila kuisaidia injini chochote.

5. Yamaha na tanki la pili

Waliobaki na mipigo miwili nao walijua kuwa kupima oili kwa kopo ni kero. Mwaka 1964 Yamaha ilileta mfumo iliouita Autolube: oili inakaa kwenye tanki lake dogo, na pampu inaipima kulingana na mzunguko wa injini na kiasi unachovuta mafuta. Kwenye tanki kubwa unaweka petroli tupu.

Wana ugani wa zamani wanaikumbuka Yamaha AG100, iliyotengenezwa mahsusi kwa mashamba, yenye keria mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa kuzuia tope. Miradi mingi ya kilimo na afya barani Afrika iliitumia. Ilikuwa na mfumo huo. Ukiikuta bado inatembea kijijini kwenu, kila asubuhi angalia tanki la oili kabla ya petroli. Petroli ikiisha utasukuma hadi kituoni. Oili ikiisha utasukuma hadi kwa fundi.

Moshi ndio ulioiondoa mipigo miwili barabarani. Kuanzia miaka ya 1970 nchi moja baada ya nyingine zilikaza sheria za hewa chafu, na viwanda vikahamia mipigo minne.

6. Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiomwaga oili

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uondoke nayo. Miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walitembelea nchi zinazoendelea barani Asia kuona pikipiki zao zinatumikaje. Waliona mizigo mikubwa kuliko uwezo, vumbi, na oili isiyobadilishwa kwa muda mrefu. Injini ambazo Japani zilidumu, huko zilikuwa zinakufa mapema, hasa sehemu za juu kwenye kamshafti na mnyororo wake.

Walirudi wakabadilisha ramani. Mwaka 1976 wakatoa CG125, yenye injini ambayo kamshafti imeshushwa chini karibu na oili, na valvu zinasukumwa kwa fito. Ni muundo wa kizamani, uliochaguliwa makusudi kwa sababu unavumilia uzembe. Baadaye viwanda vya China viliiga muundo huo kwa wingi, na ndio uliojaa Afrika Mashariki. Pikipiki nyingi za bei nafuu za cc 125 na 150 tulizozipokea kwa majina ya "toyo" na "sanlg" ni wajukuu wa CG125. Hapa Tanzania zilienea kiasi kwamba mwaka 2010 zilitungwa kanuni za leseni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji.

Umeelewa maana yake? Mtengenezaji alishatupunguzia sehemu ya makosa yetu tangu kiwandani. Injini ilishavumilishwa. Ukiona pikipiki ya namna hii imekufa baada ya mwaka mmoja, ujue hata uvumilivu ule aliowekewa mtu mzembe umevukwa. Bei ya kopo moja la oili unaijua. Bei ya pistoni, ringi, kuchonga silinda na siku za shamba zilizopotea mkulima akisubiri mbegu, nayo unaijua. Weka hizo mbili kwenye daftari lako la mapato na matumizi, ulinganishe.

7. Ratiba ya kufuata

*Kila asubuhi:* angalia kiasi cha oili pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Jaribu breki zote mbili, taa na upepo wa tairi.

*Kila wiki:*
- Osha tope kwenye mapezi ya silinda. Injini hizi zinapoozwa na upepo tu. Tope likikauka pale ni kama umeivalisha koti.
- Safisha mnyororo na uupake mafuta. Katikati ucheze kama sentimita 2 hadi 3. Ukikazwa sana unakula beringi, ukilegea unaruka.
- Ulibeba mbolea? Osha siku hiyohiyo. Urea na CAN zikipata unyevu zinakula mnyororo, spoku na nati.
- Ulibeba viuatilifu? Osha keria kwa maji na sabuni kabla ya kupakia maziwa, chakula au mtoto.

*Oili:* injini mpya, mwaga ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu ina unga wa chuma wa vipande vinavyozoeana. Baada ya hapo fuata kitabu cha pikipiki, na kwa vumbi na mizigo yetu wahi kuliko kilivyosema. Imwage injini ikiwa ya vuguvugu. Usiimwage ardhini wala mtoni. Ihifadhi kwenye galoni, na usiitumie kupaka mifugo majeraha.

*Kila unapomwaga oili:* kung'uta filta ya hewa, na ikichakaa nunua nyingine. Usiendeshe bila filta hata siku moja. Vumbi la barabarani ni msasa ndani ya silinda. Toa plagi uiangalie. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi au filta imeziba. Nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi, muone fundi.

*Mlio wa "taka taka taka" juu ya silinda:* nafasi ya valvu imepanuka. Kwenye injini za fito kurekebisha ni kazi fupi, lakini hupimwa injini ikiwa baridi. Fundi anayekurekebishia injini ikiwa ya moto, mwambie asubiri.

*Petroli:* ile ya kwenye chupa kando ya barabara nunua ukikwama tu, na uichuje. Uchafu unaishia kwenye vijitundu vya kabureta.

Mwisho, ndugu msomaji, leseni daraja A na kofia ngumu visikosekane, yako na ya abiria wako. Kabla ya msimu wa mvua kuanza, toa pikipiki nje, chukua spana na kitambaa, upite vipengele hivi kimoja kimoja pamoja na kijana anayeiendesha. Kisha ingieni stoo mkaandike lile galoni.

Nakutakia msimu mwema. Kwa ushauri zaidi wa zana na mashine za shambani, muone afisa ugani wa kata yako.